Kila ninayempa kitabu ananirudishia hajakimaliza

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 46. Napenda riwaya za upelelezi tangu nilipokutana na mpelelezi Bwana Msa nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo ndizo ninazosoma. Mwaka huu wenzangu sita kazini wamekubali tuwe na kikundi cha kusoma, wakanikabidhi kazi ya kuchagua vitabu. Niliwapa ninachokipenda mimi. Wawili tu ndio waliomaliza. Nyumbani ndiyo kabisa. Mume wangu hasomi zaidi ya kurasa za michezo, binti wa kidato cha tatu yuko kwenye hadithi za mapenzi za simu, mama mkwe anapenda mashairi ya redioni lakini kitabu hagusi, na kijana wa darasa la tano akisoma anaruka mistari mpaka analia. Mwenzangu mmoja kaniambia mtu asiyesoma fasihi nzito hawezi kuwaongoza wengine, nikanunua* Nagona *ya Kezilahabi. Nimeianza mara tatu, sijavuka ukurasa wa kumi. Tena siku hizi nikisoma robo saa usiku kichwa kinauma. Je, uwezo wa kusoma umeniisha? Na nifanyeje nimpe mtu kitabu akakipenda?"*

Marahaba, Mwalimu. Kabla sijagusa kitabu chochote naomba nianze na hicho kichwa kinachouma, maana kama tatizo ni macho, ushauri wangu wote mwingine utakuwa kazi bure.

Nimekaa kaunta ya maktaba ya mkoa miaka 27. Palikuwa na mzee mmoja, karani mstaafu, aliyekuja kila Jumanne. Mwanzoni alikaa meza ya katikati. Baada ya miezi akahamia meza ya dirishani. Mwisho akawa anasoma amesimama dirishani kabisa, kitabu amekinyoosha mbele kama anayejitazama kwenye kioo. Siku moja akaniwekea kadi yake ya uanachama mezani akasema, "Mwanangu, hamu imeniisha." Nikamwomba apime macho kwanza ndipo anirudishie kadi. Alirudi na miwani ya kusomea, akaichukua kadi yake, na Jumanne ile alikaa meza ya katikati.

Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadili umbo ili tuone kilicho karibu. Kuanzia miaka ya 40 hivi lenzi hiyo hukakamaa kidogo kidogo, na jicho hulazimika kujikaza ili lisome herufi zilezile. Dalili zake ndizo hizo: kusogeza maandishi mbali, kutamani taa kali zaidi, na kichwa kuuma baada ya muda mfupi, hasa usiku. Kwa umri wako ni jambo la kutarajiwa. Nenda kwenye hospitali au kituo chenye huduma ya macho ukapimwe. Usiishie kuchukua miwani kwenye meza za barabarani, kwa sababu macho mawili mara nyingi hayalingani, na mpimaji anaweza pia kugundua presha ya macho, ambayo mwanzoni haiumi. Ukiona giza la ghafla, au jicho likiuma sana na kuwa jekundu, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye hiyo "fasihi nzito". Mwenzako amekuumiza bila sababu. Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa wako, aliandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mswada ulioshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kabla ya kutoka kama kitabu mwaka 1960. Hebu kifikirie tena. Watu wanakutana na mauti penye mzimu, kila mmoja yuko tayari kuamini kwamba mzimu ndio umefanya, halafu anaingia mtu mwenye kiko anayetafuta mkono wa binadamu. Huo ni mjadala mzima kati ya imani na hoja, umevikwa kanzu ya kisa cha upelelezi. Miaka yote uliyosoma vitabu vya namna hiyo umejifunza kushuku maelezo ya juujuu, kukumbuka kitu kidogo kilichosemwa kurasa 40 nyuma, na kuvumilia kutojua. Hayo ndiyo yanayotakiwa katika usomaji wowote.

Kwa nini basi *Nagona* imekushinda? Hapa ndipo penye jambo ambalo natamani lingefundishwa shuleni kabla ya orodha za tamathali za semi. Kila aina ya kitabu humpa msomaji ahadi mwanzoni kabisa, na msomaji huanza kusoma kulingana na ahadi hiyo. Riwaya ya upelelezi inaahidi kwamba kuna jibu na utalipata. Tawasifu inaahidi kwamba haya yalitokea, na nayaona hivi. Tamthilia inakupa sauti tupu na kukuachia uzijazie miili, ndiyo maana *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ukiisoma kimya peke yako inaonekana kavu, lakini watu wanne wakigawana wahusika na kuisoma kwa sauti, Vita vya Maji Maji vinaingia chumbani. Utenzi unaahidi mwendo: vipande vinne katika kila ubeti, mizani minane kwa kila kipande, vitatu vikikubaliana kwa vina na cha nne kikibeba kina kinachorudi mpaka mwisho. Ukiusoma kwa macho tu umeukata miguu.

Wewe uliifungua *Nagona* ukiwa na macho ya Bwana Msa. Ulikuwa unatafuta nani, wapi, lini, na kwa nini. Kitabu kile hakikuahidi hayo. Kezilahabi alikuwa ameshaandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, riwaya yenye familia unayoweza kuichora na baba unayeweza kumchukia. Lakini alipofika *Nagona* mwaka 1990, na *Mzingile* mwaka uliofuata, alikuwa anaandika kwa njia ya ndoto, picha juu ya picha, maswali kuhusu ukweli na uhai. Anayekusanya ushahidi humo hurudi mikono mitupu. Uwezo wako uko palepale. Ulishika ufunguo wa mlango mwingine, basi. Nitaurudia mlango huo.

Swali lako kubwa ni la kupendekeza. Nikueleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Miaka yangu ya mwanzo alikuja mama mmoja akaomba "kitabu kizuri cha Kiswahili". Nilikuwa nimetoka kuisoma *Ua la Faraja* ya William Mkufya, riwaya kubwa kuhusu UKIMWI na watu wanaobaki, na nilikuwa nimejaa nayo. Nikaisifu dakika tano nzima. Alirudi baada ya siku mbili, akakiweka kitabu mezani taratibu, akasema, "Nimemzika mdogo wangu mwezi uliopita, baba. Kwa ugonjwa huohuo." Kitabu kilikuwa kizuri. Mimi sikuwa nimemuuliza lolote.

Tangu siku ile sijampa mtu kitabu kabla ya kumsikiliza. Swali la "unapenda vitabu gani?" halifai, kwa sababu watu hujibu kile wanachodhani ni cha heshima. Uliza hivi: niambie kisa cha mwisho ambacho hukutaka kiishe. Kiwe kitabu, filamu, mchezo wa redio, hata habari ya jirani. Kisha sikiliza *namna* anavyosimulia. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle huko Marekani, anasema watu huingia kitabuni kwa milango minne: kisa, wahusika, mahali, na lugha. Nimeupima usemi huo kaunta kwa miaka mingi na kwa uzoefu wangu unasimama. Anayekwambia "nilitaka kujua kama watamkamata" ameingia kwa kisa. Anayesema "yule mama alikuwa shangazi yangu kabisa" ameingia kwa wahusika. Mwingine atakueleza vichochoro na harufu ya karafuu, huyo ni wa mahali. Na yupo atakayerudia sentensi moja kwa kicheko kwa jinsi ilivyosemwa. Wenzako wanne walioshindwa huenda hawana ubaya na upelelezi. Wewe huingia kwa kisa, ukawafungulia mlango wako.

Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 kanuni tano za kazi yetu, na mbili kati yake zinasema kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Mkazo uweke kwenye hilo neno *chake*.

Ukishamsikiliza mtu, mpe vitabu viwili au vitatu, achague. Usivisifu. Ukimwambia mtu "hiki ni bora kuliko vyote nilivyowahi kusoma" umemkopesha, na deni humfanya akwepe kitabu na akukwepe na wewe. Mweleze tu kinavyoanza: "Kuna binti kaozwa mzee, anatoroka." Mtajie kilicho kizito ndani, kifo, ubakaji, vita, ili aamue mwenyewe kama yuko tayari. Halafu mruhusu akirudishe bila kukimaliza na bila kujieleza. Pearl ana kanuni ya kurasa 50: zikiisha hujavutiwa, acha. Riwaya zetu nyingi ni nyembamba, kwa hiyo mimi huwaambia watu kurasa 30, isipokuwa kama kinachokuchosha ni lahaja. Hapo ongeza subira. Maneno ya Unguja au ya Mombasa huonekana mageni kurasa 20 za kwanza, kisha sikio linazoea.

Kwa watu wa nyumbani kwako, mume mwache na kurasa zake za michezo, na usizitaje kwa dharau hata siku moja. Msomaji wa michezo ni msomaji: anafuata watu halisi, pande mbili zinazopambana, na matokeo. Jaribu *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, juu ya wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Kama ni mtu wa taarabu, ipo *Wasifu wa Siti Binti Saad* ya Shaaban Robert, kitabu kifupi kuhusu mwanamke aliyetoka kijijini Fumba mpaka sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Kiache mezani. Usiulize amefika wapi.

Binti yako anasoma, tena kila siku. Hadithi za simu hukatwa pale pale roho inapokuwa juu, na yeye amezoea kungoja sehemu inayofuata. Hiyo ni nidhamu ya msomaji wa riwaya. Mpe *Vuta N'kuvute* ya Shafi. Yasmin anaozwa kwa mzee asiyempenda, anatoroka, anakutana na Denge anayehangaika kuwaondoa wakoloni, na mapenzi yao yanabeba Zanzibar nzima mgongoni. Kuna na filamu yake ya mwaka 2021, ya Amil Shivji. Akianza na filamu hakuna dhambi. Kuhusu *Rosa Mistika* nakuomba uisome wewe kwanza. Ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni, na ndani yake mna ukatili wa baba, mimba na kifo. Mimi naona ni kitabu ambacho mama na binti wa umri ule wanaweza kukisoma pamoja na kuongea mambo ambayo bila kitabu yasingesemeka. Lakini wewe ndiye unayemjua mwanao.

Mama mkwe ndiye rahisi kuliko wote. Huyo anaingia kwa lugha, kupitia sikio. Msomee. Tafuta *Utendi wa Mwana Kupona* wa mwaka 1858: mama aliyeugua mwaka mzima anamwita binti yake akae karibu na wino na karatasi apokee wasia. Lugha yake ni Kiamu cha zamani, lahaja ya Lamu, kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo, na jiandaeni kubishana, maana mafundisho yake kuhusu mke na mume ni ya zama zile. Mabishano hayo, naamini, yatakuwa mazuri. Mwombe kijana wako akae hapohapo asikilize.

Kuhusu kijana, hapa sitaki kukupa jina la kitabu. Mtoto wa darasa la tano anayeruka mistari mpaka analia hana uvivu. Inaweza kuwa macho, inaweza kuwa masikio, na inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma ambao hauhusiani na akili: ubongo hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake, hivyo neno ambalo wenzake wanaliona mara moja, yeye hulijenga upya kila mara. Usimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya watu. Apimwe macho na masikio, kisha muone mwalimu wa elimu maalumu katika halmashauri yenu. Unavyoanza mapema ndivyo mbinu za kumsaidia zinavyoshika. Wakati huohuo msomee wewe kila siku. Atakayekuwa amesikia visa 100 akiwa na miaka 11 hatavichukia vitabu hata kama kusoma kwake kutakuwa kwa polepole.

Nirudi kwenye kikundi chenu. Watu saba kusoma kitabu kimoja kuna uzuri wake, mazungumzo yanakuwa na kitovu. Lakini kupata nakala saba ni gharama, na daima atakuwepo mtu aliyelazimika. Kila mtu kusoma chake ni rahisi, ila mkutano unageuka kuwa ripoti saba zisizokutana. Ninayoipenda ni njia ya tatu: mwezi mmoja, jambo moja, aina tofauti za vitabu. Chukueni kwa mfano *jela*. Wewe, kwa kuwa ni mtu wa upelelezi, chukua *Haini* ya Shafi Adam Shafi: rais ameuawa, watu wanakamatwa, na unaingizwa chumba cha mahojiano kwa upande wa anayehojiwa. Utajikuta unatumia ujuzi wako wote wa Bwana Msa, safari hii mpelelezi akiwa ndiye wa kuogopwa. Mpenda mashairi achukue *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, akatunga humo humo kifungoni kwa kuandika kwenye karatasi za chooni. Anayetaka safari kuliko kuta apewe *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ambamo mtoto Yusuf anatolewa kwa tajiri kwa ajili ya deni la baba yake. Kifungo cha namna nyingine. Mkikutana, mwenye riwaya atataka kusikia shairi, na mwenye shairi atataka kujua yaliyompata yule mshitakiwa. Nimeona watu wakibadilishana vitabu mlangoni kabla hata chai haijamiminwa.

Mwenzenu wa "vitabu vya mafanikio", na nina hakika yupo mmoja kati ya sita, mpeni *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert. Atapata nidhamu ya maisha kutoka kwa mtu aliyekuwa karani na aliyeijenga lugha yetu akiwa kazini.

Vitabu hivi vingine ni adimu. Anza na maktaba ya mkoa wako. Kisichokuwepo rafuni, mwombe mkutubi akuulizie maktaba nyingine, ndiyo kazi yake, na mpelekee wanakikundi wako ana kwa ana, maana dakika kumi za kuongea na mtu mbele ya rafu zinazidi barua yangu hii. Yale mafaili yanayosambazwa kwenye simu bila idhini ya wachapaji nakuomba uyakatae. Waandishi wetu hawana kingine wanachouza.

Na *Nagona*: iweke droo ya chini mpaka upate miwani. Soma *Haini*, kisha soma *Sauti ya Dhiki* kwa sauti, shairi moja kila usiku, mpaka uzoee kukaa na maneno bila kuyadai jibu. Halafu tafuta Jumamosi asubuhi, nyumba ikiwa kimya, uifungue tena na usome kwa sauti kana kwamba unasimuliwa ndoto na mtu unayemheshimu. Ni kitabu chembamba; kinasomeka kwa kikao kimoja. Usipige mstari chini ya kitu chochote. Ukifika mwisho ukakuta picha moja tu imekuganda kichwani, niandikie ni ipi.